Mwega wa bawa

Mwega wa bawa (wingi: *miega ya mabawa*, pia: *strati*) ni nguzo nyembamba ya mshazari inayounganisha bawa la ndege na sehemu ya chini ya mwili wa ndege hiyo. Huonekana hasa kwenye ndege ndogo zenye mabawa juu ya chumba cha abiria, kama vile Cessna 172, Cessna 208 Caravan, Piper Cub na de Havilland Canada Twin Otter. Kazi yake kuu ni kupunguza momenti ya kupinda katika boriti ya bawa, ili boriti hiyo iwe nyembamba na nyepesi bila kupoteza uimara.

Mwega hauondoi mzigo wa bawa, bali huubadilishia njia. Mzigo ambao ungeipinda boriti hugeuka kuwa kani ya kuvuta ndani ya mwega na kani ya kubana ndani ya boriti. Kwa sababu hiyo bawa lenye mwega huwa jepesi, lakini uhai wa ndege hutegemea nguzo hiyo moja na bolti zinazoifunga.

## Boriti ya bawa na kupinda kwake

Ndani ya kila bawa kuna boriti moja au zaidi inayoanzia kwenye shina la bawa, yaani mahali linapoungana na mwili wa ndege, hadi karibu na ncha. Mbavu za bawa hufungwa kwenye boriti hiyo na kulipa bawa umbo lake. Ngozi ya bawa, ambayo huwa ya kitambaa, ya alumini au ya plastiki iliyoimarishwa kwa nyuzi, hufunika mbavu.

Ndege ikiwa angani, hewa hulisukuma bawa juu kwa urefu wake wote. Kani hiyo ya kuinua hulikunja bawa kuelekea juu, ilhali uzito wa injini, abiria na mizigo huvuta mwili wa ndege chini. Tokeo lake ni momenti ya kupinda, yaani kani mara umbali wake kutoka mahali panapopimwa. Momenti hiyo ni sifuri kwenye ncha ya bawa na huongezeka kuelekea shina.

Boriti hupinga momenti kwa kutumia kanda zake mbili. Bawa linapokunjwa juu, ukanda wa juu wa boriti hubanwa na ukanda wa chini huvutwa. Kani katika kila ukanda hupatikana kwa kugawa momenti kwa kimo cha boriti, yaani umbali kati ya kanda hizo. Boriti yenye kimo kidogo hupata kani kubwa katika kanda zake, na boriti yenye kimo kikubwa hupata kani ndogo. Tatizo la mbunifu wa ndege ni kwamba bawa linatakiwa kuwa jembamba ili lipite hewani kwa urahisi, hivyo nafasi ya boriti ndani yake mara nyingi haizidi sentimita 15 hadi 20 katika ndege ndogo.

Bawa lisilo na mwega huitwa bawa la kujitegemea. Momenti yake yote hufika kwenye shina na kuvuka mwili wa ndege kupitia boriti ya kuvukia iliyo ndani ya mwili huo.

## Namna mwega unavyofanya kazi

Bawa lenye mwega huunda pembetatu. Upande wa juu ni boriti, upande wa mshazari ni mwega, na upande wa tatu ni mwili wa ndege kutoka shina la bawa hadi mguu wa mwega. Ni kanuni ileile ya kenchi za paa, ambamo mbao nyembamba zilizopangwa kwa pembetatu hubeba mabati mazito yasiyoweza kubebwa na ubao mmoja wa unene huohuo.

Ndege inapopaa, mwega huvutwa na kulizuia bawa lisikunjuke juu. Kwa kuwa mwega umelala mshazari, kani iliyo ndani yake ina sehemu mbili:

* sehemu ya wima, inayovuta bawa chini na kupinga kani ya kuinua;
* sehemu ya mlalo, inayosukuma boriti kuelekea mwili wa ndege na hivyo kuibana.

Nje ya kiungo cha mwega, boriti hufanya kazi kama bawa la kujitegemea, lakini fupi zaidi. Ndani ya kiungo hicho, boriti inashikwa pande zote mbili, kwenye shina na kwenye mwega, hivyo haipindi sana.

Katika ndege nyingi za aina hii, shina la bawa hufungwa kwa bolti ambazo, kwa upande wa kupinda, hufanya kazi kama bawaba. Shina halizuii kupinda. Mwega ndio unaozuia. Mwega ukikatika angani, hakuna kitu kingine cha kulizuia bawa lisikunjuke juu.

## Mfano wa hesabu

Mfano ufuatao umerahisishwa ili kuonyesha ukubwa wa tofauti. Tuchukue ndege yenye uzito wa nyutoni 10,000 (takriban kilo 1,000) na upana wa mita 10 kutoka ncha hadi ncha. Kila bawa lina urefu wa mita 5 na linabeba nyutoni 5,000, zilizosambaa sawasawa kwa kiwango cha nyutoni 1,000 kwa kila mita. Boriti ina kimo cha mita 0.15. Mguu wa mwega uko mita 1.2 chini ya boriti. Uzito wa bawa lenyewe hauhesabiwi.

### Bila mwega

Kani ya nyutoni 5,000 hufanya kazi katikati ya bawa, mita 2.5 kutoka shina. Momenti kwenye shina ni:

5,000 × 2.5 = 12,500 Nm

Kani katika kila ukanda wa boriti ni 12,500 ÷ 0.15, yaani takriban nyutoni 83,300.

### Pamoja na mwega

Mwega ukifungwa mita 3 kutoka shina, kipande cha nje kina urefu wa mita 2. Momenti kwenye kiungo cha mwega ni:

2,000 × 1 = 2,000 Nm

Hiyo ni asilimia 16 tu ya momenti ya awali. Sehemu ya wima ya kani ya mwega hupatikana kwa kugawa momenti yote ya bawa kwa umbali wa mwega: 12,500 ÷ 3, yaani takriban nyutoni 4,170. Kwa maneno mengine, mwega hupokea zaidi ya asilimia 80 ya kani ya kuinua ya bawa lake. Sehemu ya mlalo ni 12,500 ÷ 1.2, yaani takriban nyutoni 10,420. Kani yote iliyo ndani ya mwega ni takriban nyutoni 11,220.

Boriti sasa ina mizigo miwili. Kupinda huleta nyutoni 13,330 katika kila ukanda, na kubanwa huongeza nyutoni 5,210 kwa kila ukanda ikiwa zote mbili zinagawana sawa. Ukanda wa juu hubanwa kwa jumla ya nyutoni 18,540, nao wa chini huvutwa kwa nyutoni 8,120. Hata baada ya kuongeza kani ya kubana, ukanda wa juu unabeba chini ya robo ya mzigo wa bawa lisilo na mwega.

Kani ya kukata nayo hupungua. Bila mwega ilikuwa nyutoni 5,000 kwenye shina. Pamoja na mwega, kiwango cha juu kabisa ni takriban nyutoni 2,170, kando ya kiungo cha mwega upande wa ndani.

### Sababu ya tofauti hiyo

Momenti ya 12,500 Nm haikupotea. Bila mwega ilipingwa na kanda mbili zilizotengana kwa mita 0.15. Pamoja na mwega inapingwa na boriti kwa juu na mguu wa mwega kwa chini, vilivyotengana kwa mita 1.2. Kimo kimekuwa mara 8, na kani imekuwa sehemu moja ya nane: nyutoni 10,420 badala ya 83,300. Mwega huufanya mwili mzima wa ndege kuwa sehemu ya boriti.

### Mizigo halisi

Katika ndege halisi kani ya kuinua hupungua kuelekea ncha, hivyo momenti ni ndogo kidogo kuliko katika mfano. Uzito wa bawa na wa mafuta yaliyomo ndani yake huvuta chini na kupunguza momenti zaidi.

Kwa upande mwingine, ndege hairuki kwa usawa wakati wote. Ikikata kona kali au kukutana na upepo wa ghafla, mizigo huongezeka mara kadhaa. Ndege nyingi ndogo za kundi la kawaida hubuniwa kustahimili mara 3.8 ya uzito wake bila kuharibika, na kiwango hicho huzidishwa tena kwa 1.5 kwa ajili ya usalama. Kwa ndege ya mfano huu, mara 3.8 inamaanisha kwamba mwega huvutwa kwa takriban nyutoni 42,600, sawa na uzito wa zaidi ya tani 4.

## Mahali pa kufunga mwega

Jedwali hili linaonyesha ndege ileile ikiwa na mwega uliofungwa mahali mbalimbali. Momenti zimetolewa bila ishara ya mwelekeo.

| Umbali kutoka shina (m) | Momenti kwenye kiungo (Nm) | Momenti kubwa karibu na shina (Nm) | Kani ya kubana boriti (N) | Kani ya kuvuta mwega (N) | Urefu wa mwega (m) |
|---|---|---|---|---|---|
| 2.0 | 4,500 | – | 10,420 | 12,150 | 2.33 |
| 2.5 | 3,125 | – | 10,420 | 11,550 | 2.77 |
| 3.0 | 2,000 | 350 | 10,420 | 11,220 | 3.23 |
| 3.5 | 1,125 | 1,020 | 10,420 | 11,010 | 3.70 |
| 4.0 | 500 | 1,760 | 10,420 | 10,880 | 4.18 |

Mambo matatu yanaonekana.

Kwanza, kadiri mwega unavyosogezwa nje, momenti kwenye kiungo hupungua, lakini momenti katika kipande cha ndani huongezeka. Kwa mzigo uliosambaa sawasawa, momenti hizo mbili hulingana mwega ukiwa takriban asilimia 71 ya urefu wa bawa. Hapo boriti hubeba chini ya asilimia 9 ya momenti ya bawa la kujitegemea.

Pili, kani ya kubana boriti haibadiliki popote mwega unapofungwa. Inategemea tu kimo kutoka mguu wa mwega hadi boriti. Mwili wa ndege ukiwa na kimo cha mita 1.5 badala ya 1.2, kani hiyo hushuka hadi nyutoni 8,330. Ukiwa na kimo cha mita 0.9 tu, hupanda hadi nyutoni 13,890. Hii ni sababu mojawapo ya miega kukubaliana vizuri na ndege zenye bawa juu ya chumba cha abiria, kwa kuwa kimo cha chumba hicho hupatikana bila gharama ya ziada.

Tatu, mwega unaofungwa mbali ni mrefu zaidi. Mwega mrefu ni mzito zaidi, huzuia hewa zaidi, na hukunjika kwa urahisi zaidi unapobanwa. Kwa sababu hizo wabunifu wengi hawafiki asilimia 71, bali hufunga mwega karibu zaidi na katikati ya bawa.

## Boriti inayobanwa

Kani ya kubana ina athari ambayo haionekani katika hesabu rahisi. Boriti iliyopinda kidogo, halafu ikabanwa kutoka pande mbili, hupinda zaidi, kama ufito unaosukumwa ncha zake zote mbili. Kani ya kubana mara kiasi cha kupinda huleta momenti ya ziada.

Kipande cha ndani cha boriti ya mfano kikipinda kwa sentimita 1 wakati wa kuruka kwa usawa, momenti ya ziada ni takriban 104 Nm, ambayo ni ndogo. Lakini mzigo ukiwa mara 3.8, kani ya kubana huwa mara 3.8 na kupinda pia huwa angalau mara 3.8. Momenti ya ziada hufikia takriban 1,500 Nm, zaidi ya mara 14 ya ile ya awali. Kwa hiyo haitoshi kukokotoa mzigo wa kawaida na kuuzidisha. Boriti ya bawa lenye mwega hukaguliwa katika mzigo wake wa juu kabisa, kupinda na kubanwa vikihesabiwa pamoja.

Mahali hasa pa kiungo pana umuhimu pia. Kiungo kikiwa chini kidogo ya mstari wa katikati wa boriti, kani ya kubana huleta momenti ya kinyume inayopunguza kupinda karibu na kiungo upande wa ndani. Kikiwa juu ya mstari huo, huongeza kupinda.

## Mzigo wa kinyume

Kuna nyakati ambapo bawa husukumwa chini: upepo wa ghafla unaoshuka, kusukuma usukani mbele kwa nguvu, au kutua kwa kishindo. Hapo mwega haukuvutwa tena, bali unabanwa, na boriti inavutwa.

Nguzo ndefu inayobanwa haivunjiki kwa kupondeka, bali kwa kukunjika ghafla katikati. Mwanahisabati Leonhard Euler alionyesha katika karne ya 18 kwamba uwezo wa nguzo kupinga kukunjika hupungua kwa kipeo cha pili cha urefu wake. Nguzo yenye urefu maradufu ina uwezo wa robo tu. Ndege za kundi la kawaida hutakiwa kustahimili mzigo wa kinyume wa angalau asilimia 40 ya ule wa juu, yaani mara 1.52. Katika mfano wetu mwega wa mita 3.23 ungebanwa kwa takriban nyutoni 17,000. Mara nyingi mzigo huu mdogo ndio unaoamua unene wa mwega, wala si mzigo mkubwa wa kuvuta.

Suluhisho mojawapo ni mwega mdogo, fito fupi inayounganisha katikati ya mwega na bawa lililo juu yake. Huzuia mwega usikunjike katikati, na hivyo huugawa kuwa kama nguzo mbili fupi. Ikiwa umewekwa katikati kabisa, uwezo wa mwega dhidi ya kukunjika unaweza kuongezeka hadi mara 4. Miega midogo ya namna hii huonekana kwenye Piper Cub.

Katika ndege chache zenye bawa chini, mwega hufungwa juu ya bawa. Mfano ni Piper PA-25 Pawnee, ndege ya kunyunyizia dawa mashambani. Hapo mambo hugeuka: wakati wa kuruka kwa kawaida mwega hubanwa na boriti huvutwa, hivyo mwega hulazimika kuwa mnene zaidi.

## Mwega mmoja au miwili

Mbali na kupinda, bawa pia husokoteka, hasa rubani anapotumia vibawa vya ukingo wa nyuma. Piper Cub ina bawa la kitambaa lenye boriti mbili, ya mbele na ya nyuma. Kitambaa hakizuii kusokoteka, hivyo kila boriti ina mwega wake, na miega hiyo miwili hukutana chini kwa umbo la herufi V.

Bawa lililofunikwa kwa bati la alumini ni kama sanduku lililofungwa, nalo hupinga kusokoteka lenyewe. Kwa bawa la namna hiyo mwega mmoja hutosha. Mabadiliko hayo yanaonekana katika ndege za Cessna: Cessna 120 na 140 za miaka ya 1940 zilikuwa na mabawa ya kitambaa na miega ya V, ilhali Cessna 140A iliyotoka mwaka 1949 ilikuwa na mabawa ya alumini na mwega mmoja kila upande. Cessna 172 na Cessna 208 zilifuata njia hiyohiyo.

## Ukinzani wa hewa

Gharama kubwa ya mwega ni ukinzani wa hewa. Bomba la mviringo lina ukinzani wa takriban mara 10 kuliko nguzo ya unene uleule yenye umbo la tone la maji. Kwa hiyo miega mingi hutengenezwa kwa umbo la tone, au bomba la mviringo hufunikwa kwa ganda la umbo hilo. Viungo vya mwega na bawa navyo huvuruga hewa, hivyo hufunikwa pia.

Ukinzani huongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendo. Kwa ndege inayokwenda kilomita 200 kwa saa, uzito uliookolewa kwenye boriti kwa kawaida una faida zaidi kuliko hasara ya ukinzani. Kwa ndege inayokwenda kasi zaidi hesabu hugeuka. Cessna 210 ilianza ikiwa na miega, lakini ikaondolewa katika toleo la mwaka 1967 na kupewa bawa la kujitegemea. Cessna 177 Cardinal, iliyokusudiwa kuchukua nafasi ya Cessna 172, ilikuwa na bawa la kujitegemea tangu mwanzo. Uzalishaji wake ulikoma mwaka 1978, ilhali Cessna 172 yenye miega imetengenezwa zaidi ya 44,000 na ndiyo ndege iliyotengenezwa kwa wingi zaidi duniani.

## Historia

Wazo la kuimarisha mabawa kwa pembetatu lilitoka kwa wajenzi wa madaraja. Octave Chanute, mhandisi wa reli na madaraja nchini Marekani, alitumia kiunzi cha daraja kwenye kiparuzi chake cha mabawa ya ghorofa mbili mwaka 1896. Ndugu Wilbur na Orville Wright walifuata mpango huo katika ndege yao ya mwaka 1903, wakitumia nguzo za wima na nyaya za mshazari kati ya bawa la juu na la chini. Louis Blériot, aliyevuka bahari kati ya Ufaransa na Uingereza mwaka 1909, alitumia bawa moja lililoshikwa kwa nyaya juu na chini.

Waya unaweza kuvutwa lakini hauwezi kubanwa, hivyo nyaya zilihitajika pande zote mbili za bawa. Nguzo ngumu hufanya kazi zote mbili, na kwa hiyo mwega mmoja uliweza kuchukua nafasi ya nyaya nyingi. Katika miaka ya 1920 mabawa ya juu yenye miega yalikuwa ya kawaida; ndege ya Charles Lindbergh, *Spirit of St. Louis*, iliyovuka Atlantiki mwaka 1927, ilikuwa ya namna hiyo.

Njia ya pili ilionyeshwa na Hugo Junkers nchini Ujerumani, ambaye ndege yake ya chuma, Junkers J 1, iliruka Desemba 1915 ikiwa na bawa la kujitegemea. Kadiri injini zilivyopata nguvu na mwendo kuongezeka, ndege kubwa ziliacha miega.

Hata hivyo wazo halikufa. Nchini Ufaransa kampuni ya Hurel-Dubois ilijaribu baada ya Vita Kuu ya Pili mabawa marefu na membamba sana yaliyoshikwa kwa miega, kwa kuwa bawa refu huokoa mafuta. Sababu hiyohiyo iliifanya NASA na Boeing kuanza mwaka 2023 mradi wa ndege ya majaribio X-66, yenye mabawa marefu na miega. Mwaka 2025 ujenzi wa ndege hiyo ulisimamishwa, na utafiti ukaelekezwa kwenye mabawa membamba.

## Usalama na ukaguzi

Kwa kuwa mwega hubeba sehemu kubwa ya mzigo wa bawa, kuharibika kwake ni hatari ya moja kwa moja. Adui mkubwa wa miega ya feleji ni kutu ya ndani. Maji huingia ndani ya bomba, hutiririka hadi mwisho wa chini na kukaa hapo, na kutu hula chuma kutoka ndani huku rangi ya nje ikiwa safi. Kutokana na tatizo hilo, Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Marekani (FAA) iliagiza mwaka 1993 kwamba miega ya ndege nyingi za Piper za aina hiyo ikaguliwe kila baada ya muda usiozidi miezi 24, isipokuwa ile iliyobadilishwa na kuwekwa miega iliyofungwa kabisa isiyoingiza maji. Agizo hilo limerekebishwa zaidi ya mara moja baadaye. Ukaguzi hufanywa kwa kupima unene wa chuma kwa mawimbi ya sauti, au kwa kugonga mwega kwa kifaa maalumu na kuangalia kama unabonyea.

Sehemu nyingine zinazokaguliwa ni bolti na mashimo yake, nyufa kwenye viungo vya juu na chini, na mibonyeo. Mbonyeo mdogo hauathiri sana mwega unaovutwa, lakini mwega unapobanwa, kukunjika huweza kuanzia hapo.

Bawa la kujitegemea nalo lina hatari zake. Tarehe 26 Mei 2019 ndege ya Cessna 210 iliyokuwa kazini kupima ardhi karibu na Mount Isa, Australia, ilipoteza bawa angani, na watu wawili waliokuwamo walifariki. Uchunguzi ulionyesha kwamba boriti ya kuvukia iliyo ndani ya mwili wa ndege ilikuwa na ufa wa uchovu wa metali. Mwaka uliofuata FAA iliagiza boriti hizo zikaguliwe. Mwega unaonekana na kushikika na rubani kila siku kabla ya kuruka. Boriti ya kuvukia imefichwa na huhitaji kufunuliwa.

## Katika Afrika Mashariki

Ndege zenye miega ni za kawaida katika viwanja vidogo vya Afrika Mashariki. Cessna 206 na Cessna 208 Caravan husafirisha watalii, wagonjwa na mizigo kwenda mahali pasipo na barabara nzuri, zikiwamo mbuga za Serengeti na Maasai Mara. Bawa la juu hukaa mbali na vichaka na mawe ya kando ya uwanja, na huwaachia abiria nafasi ya kuona chini.

Kabla ya hapo, kampuni ya Wilson Airways, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1929 na Florence Kerr Wilson, ilianza kwa ndege ya Gipsy Moth, yenye mabawa ya ghorofa mbili yaliyounganishwa kwa nguzo na nyaya. Si kila ndege mashuhuri ya mbugani ilikuwa na miega: Dornier Do 27 iliyopakwa milia ya pundamilia, ambayo Bernhard Grzimek na mwanawe Michael waliitumia kuhesabu wanyama wa Serengeti mwaka 1958, ilikuwa na bawa la juu la kujitegemea.

Hewa ya pwani yenye chumvi huharakisha kutu, hivyo miega ya ndege zinazolala karibu na bahari huhitaji uangalizi wa karibu zaidi kuliko ya ndege za bara kavu.

## Tazama pia

* Eropleni
* Bawa
* Momenti (fizikia)
* Cessna 172
* Daraja